Sentimita Moja ya Maji ya Shela

Maji matamu ya Shela, kisiwani Lamu, huelea juu ya maji ya bahari. Mvua inayonyesha kwenye matuta ya mchanga huzama papo hapo, kwani hapana mto wala mfereji wa kuipeleka kwingine, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ya munyu, hukaa juu yake humo humo mchangani. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Ukiifanyia hesabu tofauti hiyo ndogo, unapata kwamba kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina sentimita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Kisima ambacho maji yake yamesimama sentimita 20 juu ya wastani wa bahari kina takriban mita 8 chini yake kabla ya kufikia munyu. Yakishuka sentimita 5, mita 2 zimekwenda.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi anayekuja Lamu na kifaa chake cha kupima maji hawezi kuridhika kwa kuwa kifaa kinawaka na kutoa namba. Mto Sabaki kule Malindi hupanda na kushuka kwa mita nzima nzima wakati wa mvua, na kosa la sentimita 3 halimdhuru mtu. Hapa Shela, sentimita 3 ni zaidi ya mita 1 ya maji ambayo mji unayategemea. Tumefanya kazi hii ya vifaa pamoja na wanafunzi, na tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona yakizila hizo sentimita, na namna ya kuzirudisha.

Jambo moja kabla hatujaendelea: uwiano huo wa 1 kwa 40 ni wa wastani wa muda mrefu, maji yakiwa yametulia. Usichukue kimo cha saa moja ukakizidisha kwa 40. Mpaka wa chini kati ya matamu na munyu ni tabaka zima la mchanganyiko, na hujongea polepole mno kuliko uso wa maji.

Tuanze na kihisi cha presha, maana ndicho chenye kuponzwa na mambo mengi. Vihisi vidogo vya chip vilivyofunikwa kwa jeli, vya aina inayotumiwa kwenye roboti za chini ya maji, hupendwa na wanafunzi kwa kuwa ni rahisi na havili umeme. Kabla ya kununua, tazama kimekusudiwa kina gani. Kihisi cha mita 300 kikitundikwa chini ya mita 4 za maji kinatumia asilimia 1 na kidogo ya upeo wake, na kosa lake huhesabiwa kwa upeo mzima. Tafuta cha mita 10 au 20. Halafu usome karatasi ya mtengenezaji kwa makini: kuona badiliko la milimita 2 ni jambo moja, kujua kina halisi kwa milimita 2 ni jambo jingine kabisa. Kihisi cha bei nafuu huweza kuliona badiliko dogo hilo vizuri sana, na papo hapo kikawa kimekosea kina chenyewe kwa makumi ya sentimita. Kosa hilo la kudumu huondolewa kwa kipimo cha mkono, na hakuna njia nyingine.

Vipo vihisi vyenye mrija mwembamba wa hewa ndani ya kebo, vinavyojifidia presha ya hewa vyenyewe. Kwingine ni vizuri. Lamu hatuvipendi. Unyevu wa hapa hushibisha chembe za silika zinazoukausha mrija kabla ya wakati, tone moja la maji hunasa ndani ya mrija likauziba, na kifaa huendelea kutoa namba bila kuonyesha dalili yoyote. Afadhali vihisi viwili vya kawaida, kimoja majini na kimoja hewani, halafu utoe hesabu mwenyewe: presha ya chini toa presha ya hewa, na kila hektopaskali 1 iliyobaki ni sentimita 1.02 ya maji matamu. Kabla ya kuvipeleka kisimani, viache vyote viwili pamoja mezani, kivulini, kwa siku nzima. Tofauti itakayoonekana kati yao iandike. Ndiyo utakayoitoa kila mara. Kisha viwili hivyo vitie ndani ya ndoo moja ya maji kwa kina kimoja, uone kama tofauti imebaki ile ile.

Cha hewani kinahitaji kivuli cha kweli. Ukikifunga chini ya bati kitachemka mchana, na vihisi hivi hubadilika kwa joto hata baada ya kufidiwa. Mahali pazuri ni ndani ya kisima chenyewe, juu kabisa ya maji, chini ya mfuniko wenye tundu la hewa. Kimoja kinatosha visima vyote vya Shela na vya mjini, kwa kuwa umbali ni kilomita 3 tu, ila kikishawekwa kisipandishwe wala kushushwa: mita 8 za kimo ni kama hektopaskali 1.

Mbona tunaikazania hewa namna hii? Kwa sababu Lamu iko digrii 2 tu kusini ya ikweta, na karibu na ikweta presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kila siku, kwa mpango. Hufika juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hushuka karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Siku ya kawaida, kati ya juu na chini kuna kama hektopaskali 3, yaani sentimita 3 za maji. Sasa mtazame mwanafunzi aliyetundika kihisi kimoja tu bila cha hewani. Anachora grafu, anaona kimo kinapanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa siku, anafurahi: bahari inaingia kisimani! Huenda kweli inaingia. Huenda pia anachokiona ni hewa tupu, na maji ya kisima hayajasogea hata kidogo.

Njia ya kutenganisha ni kusubiri. Hewa hushika saa yake. Kilele cha saa nne leo ni kilele cha saa nne wiki ijayo. Bahari huchelewa. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kilele husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Chora siku saba moja juu ya nyingine. Vilele vikilaliana, umepima hewa. Vikitembea, umepima bahari. Na bahari ina alama ya pili: wakati wa bamvua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mawimbi ya kisimani hukua, maji mafu yakifika, hupungua. Hewa haiujui mwezi kiasi hicho. Kisima kilicho mbali na ufuo huonyesha mawimbi madogo zaidi na huchelewa zaidi nyuma ya bahari, na huko kuchelewa ni taarifa muhimu, kwa kuwa hueleza jinsi mchanga unavyopitisha maji.

Hapo ndipo saa inapoingia. Kifaa huandika 10:00, daftari la mkononi limeandikwa "saa nne", na mtu wa tatu anayeingiza data kwenye kompyuta anaandika 04:00. Kosa la saa 6 kwingine ni la kuchekwa tu na kusahihishwa. Kwenye data ya bahari ni balaa, kwa kuwa saa 6 ni karibu nusu kamili ya mzunguko wa maji: maji kujaa yanageuka kupwa, na grafu bado inaonekana safi. Tunawataka wanafunzi waandike daftarini namna zote mbili, "saa nne asubuhi, 10:00", kila mara, bila kufupisha. Saa ya kifaa iwe ya chip yenye kufidia joto, kama DS3231, ambayo ikiwa halali hupotea si zaidi ya dakika 1 hivi kwa mwaka. Saa ya ndani ya kidhibiti chenyewe kikiwa usingizini haifai. Hupotea dakika kadhaa kwa siku. Na betri ndogo ya saa ichunguzwe: baadhi ya bodi za bei rahisi huichaji betri ya CR2032, ambayo si ya kuchajiwa, nayo huvimba. Ondoa rezista ya njia ile kwanza.

Kutundika. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa na ikibeba uzito, na katika mita 5 sentimita moja au mbili hupotea bila habari. Tumia waya wa chuma cha pua wa daraja la 316, mwembamba, usiopungua mita moja zaidi ya unaohitaji. Daraja la 304 hutobolewa na chumvi ya Lamu, hasa pale linapobanwa chini ya nati au kifungo ambapo hewa haipiti. Waya ufungwe kwenye chuma kilichotiwa ndani ya ukuta wa kisima, kamwe si kwenye mfuniko, kwa sababu mfuniko huondolewa na kurudishwa na kila anayeteka. Ongeza uzito wa gramu 300 chini ya kihisi ili waya ukae wima.

Kisha kipimo cha mkono, ambacho ndicho msingi wa kazi yote. Kwenye mdomo wa kisima chagua sehemu moja, piga alama kwa patasi au rangi, na upime kutoka hapo tu. Chukua utepe wa chuma wenye milimita, paka chaki ya kawaida sentimita 30 za mwanzo, shusha polepole mpaka ncha izame bila kuvuruga maji, bana utepe kwenye alama kwa ukucha wa kidole gumba na usome namba kamili pale. Vuta juu. Chaki iliyolowa imekuwa nyeusi kidogo na mpaka wake ni mkali kama uzi. Soma mpaka huo upesi, maana kwa upepo wa kaskazi chaki hukauka mkiwa bado mnabishana. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza. Rudia mara tatu. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5, kuna anayeteka au pampu inafanya kazi, ngojeni. Kipimo hiki kifanywe kila mnapopakua data, na kiandikwe pamoja na namba ya kifaa ya dakika ile ile.

Alama ya kisima kimoja lazima ifungamanishwe na ya kisima kingine na, mwishowe, na bahari, la sivyo huwezi kusema maji yako juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani. Kwa visima vilivyo jirani, mpira wa maji wa fundi mwashi ni chombo sahihi sana: mpira mwangavu wa milimita 10, uliojazwa maji bila povu hata moja ndani. Povu moja lililojificha kwenye pindo la mpira linakula sentimita. Upande mmoja wa mpira ukiwa juani na mwingine kivulini, maji hutofautiana uzito na kipimo huongopa. Pimeni asubuhi mapema. Kwa masafa marefu azimeni leveli ya mpimaji yenye miguu mitatu, na kila mnapokwenda rudini mpaka mlipoanzia. Namba ya mwanzo na ya mwisho zikiachana zaidi ya sentimita 1, kazi irudiwe. GPS ya simu isitajwe kabisa katika hesabu ya kimo. Hukosea kwa mita. Kwa upande wa bahari, Lamu ina kipima maji kujaa na kupwa kinachoangaliwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, na rekodi zake ndizo za kulinganishia.

Kuna sentimita nyingine inayopotea ambayo wachache huitazamia. Kihisi hupima uzito wa maji yaliyo juu yake, na ukitumia uzito wa maji matamu ilhali kisima kimeingiwa na munyu, kina huongezeka kwa uongo. Mita 4 za maji yaliyochanganyika nusu kwa nusu na bahari huonekana zaidi kwa karibu sentimita 5. Yaani kisima kinaharibika, na kifaa kinasema maji yameongezeka. Kwa hiyo hakuna kupima kimo peke yake hapa. Chumvi ipimwe pamoja nacho.

Chumvi tunaipima kwa upitishaji wa umeme, kwa maikrosiemensi kwa sentimita. Maji ya bahari ni kama 53,000 kwa joto la 25. Joto ndilo la kwanza kushughulikiwa: kila digrii 1 huongeza kipimo kwa takriban asilimia 2. Maji yenye 1,500 kwa joto la 25 yatasoma kama 1,590 yakiwa 28 kisimani, na kama 1,740 yakiachwa ndooni juani mpaka 33. Kisima ni kile kile. Kila namba irudishwe kwenye joto la 25, na kipimajoto kikae sentimita chache kutoka kwenye elektrodi, ndani ya maji yale yale. Ukitumia kipimajoto cha DS18B20, kumbuka rezista ya kiloomu 4.7 kati ya data na umeme, na ukumbuke kwamba masoko yamejaa za bandia. Zitie zote kwenye maji ya barafu iliyosagwa uone zipi zinasoma sifuri.

Elektrodi zisilishwe umeme wa upande mmoja. Vipimo vya bei nafuu vyenye pini mbili vinavyopachikwa moja kwa moja kwenye bodi hufanya hivyo: povu hutokea kwenye pini, metali huliwa, na namba hushuka kila siku kana kwamba maji yanatakata. Mkondo uwe wa kupokezana, kati ya hezi 1,000 na 5,000, na uwashwe tu wakati wa kusoma. Maji yanayokaribia munyu wa bahari yanataka elektrodi zilizotengana zaidi, au za pini nne. Ukiweka na kipimo cha pH katika kisima hicho hicho, usiviwashe pamoja kwa chanzo kimoja cha umeme; kimoja humvuruga mwenzake kupitia maji.

Maji ya kusawazishia unaweza kuyatengeneza mwenyewe, na Lamu ni nafuu kuliko kuagiza. Potasiamu kloraidi safi ikaushwe kwenye joto la 105 kwa saa 2, kwa kuwa hewa ya hapa huilowesha ndani ya chupa, kisha ipoe kwenye chombo kilichofungwa. Gramu 7.455 katika lita 1 hutoa 12,880 kwa joto la 25. Chukua mililita 100 za hayo uzifikishe lita 1 na una 1,413. Kuanza na kali kisha kuzimua kuna faida: mizani ya gramu 0.01 inatosha, ilhali kupima gramu 0.7455 moja kwa moja kwa mizani hiyo ni kubahatisha. Maji ya kuzimulia yapimwe kwanza. Maji ya betri yanayouzwa madukani mara nyingine ni safi kabisa, mara nyingine yana asidi. Yakizidi maikrosiemensi 10 yaacheni. Maji ya kipimo yakishamiminwa hayarudi chupani.

Andika upitishaji umeme wenyewe, usiandike chumvi iliyokokotolewa. Vifaa vingi huzidisha kwa 0.5 au 0.7 kimyakimya kupata miligramu kwa lita, na kila mtengenezaji ana namba yake. Ukitaka kulinganisha na ladha, WHO husema maji chini ya miligramu 600 kwa lita huonekana mazuri mdomoni na yakipita 1,000 huanza kukataliwa. Hesabu hiyo ifanywe mwishoni, mbele ya macho ya msomaji.

Weka vihisi viwili vya chumvi: kimoja nusu mita chini ya kimo cha chini kabisa cha maji, kingine sentimita 30 juu ya tope. Maji ya juu huweza kuwa mazuri kwa miezi huku ya chini yakibadilika. Pampu ikiwaka, munyu hupanda kutoka chini kama koni kuelekea ilipo. Ndiyo maana kisima kizuri kwenye mchanga kama huu ni kifupi na hutekwa kidogo kidogo. Kihisi cha chini ndicho kitakachokuambia mapema.

Sasa chumvi ya hewani, inayoua vifaa vingi kuliko ya majini. Silikoni yenye harufu ya siki isikaribie shaba. Asidi yake hula nyaya, nazo huwa kijani ndani ya wiki chache. Nunua isiyo na siki. Kebo yenye nyuzi nyingi hunyonya maji kati ya nyuzi zake kupanda mpaka kwenye bodi, hata ncha ikiwa chini: vua ganda sentimita 2, jaza solda nyuzi zote zishikamane, kisha zika sehemu hiyo ndani ya epoksi. Epoksi imiminwe mara mbili, tabaka nyembamba kwanza, kwa kuwa nene hupata joto, hupasuka ikipoa na kuachia ukuta wa PVC. Ukuta huo ukwaruzwe kwa msasa kabla. Kebo iingie kwenye kisanduku kutoka chini, ikiwa na pindo linaloshuka ili tone lidondoke kabla ya kufika. Majaribio ni rahisi: zamisha kifaa kwenye pipa la maji ya bahari yenye kimo cha mita 1 kwa wiki, na karatasi ya choo iliyokunjwa ndani. Karatasi haisemi uongo kama kipima unyevu.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Chip ya ESP32, kidhibiti cha kifaa, ikilala hutumia kama mikroampea 10, lakini bodi ya kujifunzia iliyoibeba, kwa taa yake na regyuleta yake, huweza kula miliampea 10. Betri ya miliampea-saa 2,600 itaisha ndani ya siku 11. Ondoa taa, badilisha regyuleta, na ufike miliampea 0.1, hapo betri hiyo hiyo hupita mwaka bila paneli ya sola, na paneli ni kitu kinachoibwa, kinachofunikwa na mchanga, na kinachowaambia wapita njia kwamba hapa pana kitu. Kusoma kila dakika 15 kunatosha.

Kuhusu kutuma data kwa simu, msimamo wetu ni kwamba kadi ya kumbukumbu inatosha kwa utafiti wa Shela. Moduli ya GSM ya SIM800L huvuta ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, betri dhaifu huporomoka, kidhibiti hujizima katikati ya kuandika na faili zima hupotea. Ukilazimika kuitumia, weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na moduli, na uandike kwenye kadi kabla ya kuwasha redio. Lakini kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu, na anayekwenda kupakua data kwa mkono atapima kwa utepe akiwa pale. Data inayokuja yenyewe kwenye kompyuta ya Nairobi huondoa hiyo safari, na pamoja nayo shahidi.

Wa Kizingitini, Faza na Kiunga wanaotaka kupima majabia, yaani mabirika ya kuwekea maji ya mvua, wana tatizo tofauti. Huko kifaa cha mwangwi wa sauti juu ya maji kingefaa, ila kisiwekwe karibu na kimo cha juu kuliko sentimita 25, maana hakioni karibu hivyo, na mvuke hutonesha matone kwenye uso wake usiku kucha. Mwendo wa sauti hubadilika asilimia 0.17 kwa kila digrii, hivyo joto la hewa ya ndani lipimwe. Hapa sentimita 2 hazimwumizi mtu. Jabia halina munyu chini yake.

Ruhusa ni sehemu ya uhandisi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, ni lazima, na ofisi za kaunti na za maji zipewe nakala, lakini kisima kina wenyewe. Ukimfuata msimamizi wa kisima cha msikiti, umsalimu, umwambie "Maalim, twaomba ruhusa kutia kifaa kisimani", swali lake la kwanza huwa: kitatia nini majini? Jibu liwe tayari na liwe la kweli. PVC, chuma cha pua, epoksi iliyokauka siku saba kamili. Shaba inayotumiwa kuzuia viumbe wa baharini kuganda kwenye vifaa isiingie kwenye kisima cha kunywa wala kutawadhia, hata kidogo. Kila kinachoshuka kisimani, utepe na waya pia, kipanguswe kwa mililita 10 za dawa ya klorini ya asilimia 5 katika lita 1 ya maji, kisha kisuuzwe. Na visima hivyo vya misikiti vina zawadi: maji hushuka kabla ya kila swala, na Ijumaa kabla ya adhuhuri hushuka zaidi. Ukikuta shimo hilo kwenye grafu limehamia saa nyingine, saa ya kifaa imekosea.

Katika kuchambua, ondoa kwanza mawimbi ya bahari kwa wastani unaotembea wa saa 24 na dakika 50, yaani karibu vipimo 99 vya dakika 15. Kinachobaki bado kina mzunguko wa bamvua na maji mafu wa siku 14 na robo tatu, kwa hiyo mwezi mmoja hautoshi kudai kisima kinapanda au kinashuka. Masika, kusi na kaskazi vyote vionekane ndani ya data, maana bahari yenyewe hubadilisha wastani wake kwa msimu, na kisima kilicho karibu na ufuo huifuata. Toa rekodi ya bahari kwanza, ndipo uangalie mvua na pampu.

Siku ya kung'oa vifaa, usivioshe. Vitie kwanza kwenye maji ya kusawazishia ya 1,413 na 12,880 vikiwa na ukoga wao, uandike vinasoma nini. Kisha vioshe kwa brashi laini na siki, suuza, urudie. Tofauti kati ya somo la kwanza na la pili ni ya ukoga, na huweza kusambazwa nyuma kwenye data kidogo kidogo kuanzia siku mlipoosha mara ya mwisho. Tofauti kati ya somo la pili na lile la maabara mlipoanza ni ya elektrodi kuchakaa, nayo husambazwa kuanzia siku ya kwanza. Mkivitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni pale pale kisimani, tofauti hizo mbili hazitatenganishwa tena.